Fundo la Ndoana

Fundo la ndoana ni fundo linalofunga mshipi kwenye ndoana. Husifiwa kwa uimara tu: lisifyatuke, lisiukate mshipi. Sifa hiyo ni nusu ya kazi yake, kwani fundo ndilo usukani wa chambo. Ushahidi uko kwenye nailoni ya mshipi yenyewe. Mshipi ukinenepa mara 2, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara 16. Kwa hiyo mshipi mnene wa kolekole, ukikazwa kwenye tundu la ndoana ndogo, hukishika chambo cha unyoya kikakakamaa kama kijiti. Fundo la kitanzi halibani tundu, hivyo ndoana hucheza na unyoya hutapatapa mfano wa dagaa aliyejeruhiwa. Fundo la Turle, lenye jina la meja wa Uingereza wa karne ya 19, hufanya kinyume: hukazwa shingoni mwa ndoana, nyuma ya tundu, ili ndoana na mshipi vinyooke pamoja. Na huko Portland Creek, Newfoundland, nchini Kanada, wavuvi wa samoni huongeza mizunguko miwili ya mshipi nyuma ya kichwa cha chambo. Mshipi huvuta kutoka ubavuni, kichwa huinuka, na chambo hupasua uso wa maji. Unyoya ni ule ule. Kilichohama ni pale mshipi unapovuta.

Mvuvi wa Unguja, awe wa Malindi au wa Kiembe Samaki, ana haki ya kupinga: nguru huvuliwa kwa kurambaza, chombo kikienda na mshipi umetanda, kitanzi cha nini? Ni kweli kwamba mvuto ukizidi, tofauti ya mafundo hupungua. Lakini meno ya nguru hukata nailoni, ndiyo maana mbele ya ndoana hutiwa waya, nao waya mgumu haupigwi fundo bali husokotwa kitanzi. Anayekibeza kitanzi, basi, mara nyingi anacho tayari. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kitanzi cha nailoni husuguana na tundu na kulika. Dawa yake ni kukipapasa kwa kidole kila baada ya samaki na kukifunga upya kikikwaruza. Changu wa chini ni habari nyingine: chambo ni nyama halisi, chubwi limetua, na fundo la kukaza latosha.