Wafu Wasiohesabiwa: Simba wa Tsavo katika Historia, Kitabu na Filamu

Mnamo mwaka 1898, ujenzi wa daraja la reli juu ya Mto Tsavo ulitatizwa na simba wawili wala watu, hadi walipouawa mwezi Desemba na John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi huo. Katika kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo (1907), Patterson anataja vibarua wa Kihindi 28 walioliwa. Kuhusu Waafrika, anasema tu kwamba walikuwa wengi na kwamba hawakuwekewa kumbukumbu rasmi.

Filamu ya The Ghost and the Darkness (1996) haikuliziba pengo hilo. Badala yake, inambunia Patterson mwenzi wa Kimarekani, Remington, asiyekuwamo kitabuni. Simba wa Tsavo, ambao hawakuwa na manyoya shingoni, wanaonekana wakiwa nayo. Isitoshe, msimulizi wake, Samuel, ni Mwafrika, lakini anachosimulia ni ushujaa wa wageni.

Ubunaji ni haki ya msanii; linalostahili kuhakikiwa ni uteuzi wake. Pale kumbukumbu rasmi inaponyamaza, sanaa ina uhuru wa kumpa marehemu jina, ukoo na waombolezaji. Filamu hii iliutumia uhuru huo kumwongeza mwindaji. Simba wale wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, ilhali Waafrika walioliwa wangali hawana hata idadi ya uhakika. Mtunzi wa Kiswahili atakayekirejelea kisa hiki na aanzie kwao.