Damu haikufukuzwa: watu wa Hispania na ndugu zao wa Moroko

Siku moja tulikuwa tunafundisha katika mwaka wa tano juu ya Granada, mji ulioanguka mwaka 1492. Mwanafunzi mmoja akauliza: «Mwalimu, sasa wale Waarabu wote walirudia kwao?» Tulimjibu ndiyo, juu kitabu kilisema vile. Leo tunaona jibu lile lilikuwa bovu, na hata neno «Waarabu» halikuwa la haki.

Askari waliovuka bahari na Tariq ibn Ziyad mwaka 711, wengi wao walikuwa Waberberi, wenyeji wa Afrika ya Kaskazini. Pale bahari ni nyembamba, kilometa 14 hivi. Mlima wa hapo uliitwa Jabal Tariq, ndiyo Gibraltar ya leo (jabali tuko nalo hata sisi katika Kiswahili). Lakini njia ile ni ya zamani kupita Islamu. Karibu na Madrid walifukua mifupa ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 4000 iliyopita, na ADN yake ni ya Afrika ya Kaskazini. Na wakulima wa Iberia walikuwa wamekwisha vuka kwenda Moroko miaka zaidi ya 7000 iliyopita. Kuvuka ilikuwa kwa pande zote mbili.

Wakubwa wa Hispania walitaka kuyatenga yale yaliyokwisha changanyika. Toledo, mwaka 1449, walitoa sheria ya kuwanyima kazi Wakristo wenye mababu Wayahudi. Kisha mambo ya «damu safi» yakawafikia wazao wa Waislamu pia. Tangu 1609 mpaka 1614 walifukuza Wamorisko karibu 300 000. Hawa walikuwa wamebatizwa! Sisi ambao katika inchi yetu tumesikia watu wakiulizwa babu yao alizikwa wapi, tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Sasa, ADN inasema nini? Mwaka 2008 wataalamu walipima kromosomu Y, ile baba anampa mtoto mwanaume tu, kwa wanaume 1 140 wa Hispania na Ureno. Karibu 10,6 kwa mia zilionekana kutoka Afrika ya Kaskazini. Tusikosee hapa: Y ni mstari wa baba mmoja tu kati ya mababu wengi. Mwaka 2019 wengine walisoma ADN yote ya watu 1 413: kwa Wabaski karibu hakuna kitu, Galicia inafika hata 11 kwa mia, na mchanganyiko ule ulitokea kati ya 860 na 1120.

Kumbe ni Galicia, kule kaskazini-magharibi, ambako utawala wa Waislamu haukudumu! Upande wa mashariki wa Andalusia, kwenye Granada yenyewe, alama ni kidogo. Sababu moja tunaijua: kisha uasi wa 1568, watu wa Granada walitawanywa katika Castilla, na watu wa kaskazini wakaletwa mahali pao. Lakini Galicia ilikuwa imepokea damu ile karne nyingi mbele. Wale walikuwa wamekwisha badilisha dini na lugha, wakazaa, wakasahau. Wakati mashua zilipobeba Wamorisko wa Valencia mwaka 1609, hakuna mtu aliyekwenda kubisha hodi kwao.