Pande Nne za Shamba: Hati, Ramani na Uuzaji wa Viwanja Kandokando ya Mombasa

Hati za kale za kuuzia mashamba katika mwambao, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hazikuhitaji ramani. Mwandishi alitaja pande nne, yaani kibla, suheli, matlai na maghribi, na kwa kila upande akaeleza kilichopakana nao: shamba la fulani bin fulani, njia iendayo kisimani, mbuyu, au pwani yenyewe. (Kibla katika lugha hii ya mipaka ni kaskazini, kwa kuwa ndiko iliko Makka, msomaji wa bara asipojua hayo hulisoma shamba upogo.) Mpaka ulikuwa maneno, na maneno yalikuwa na mashahidi. Ulipogombewa, wazee walikwenda shambani wakaulizwa.

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya mwambao apeleke dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Dai lililokubaliwa lilipewa cheti pamoja na ramani ya mpimaji. Mahali pa majirani pakaingia namba: sehemu kadhaa ya Bara Kaskazini, kiwanja namba kadhaa.

Nadhani hapo ndipo ilipozaliwa biashara ya viwanja. Shamba ambalo mpaka wake ni jirani huuzwa zima, au hugawanywa na warithi wanaolijua. Si rahisi kulikata vipande vingi na kuwauzia watu wasiopata kulikanyaga. Kipande chenye namba huuzwa hata mbali na mahali pake. Nyali, ng'ambo ya kisiwa, lilikuwa shamba la katani. Daraja la kuelea lilipofunguliwa 1931, magari yakavuka, na baadaye palipokuwa na katani pakawa mtaa wa nyumba zenye bustani.

Lakini ramani haikuweza kuchora kila haki. Katika Mombasa mtu aweza kuwa na nyumba bila ya kuwa na ardhi iliyo chini yake. Humlipa mwenye ardhi kodi, naye huiuza au huirithisha nyumba yake apendavyo. Mitaa ya Majengo ilijengwa kwa desturi hiyo. Minazi nayo ilikuwa vivyo hivyo: mti wa huyu, udongo wa yule. Mnunuzi aliyetazama karatasi aliona mstari mmoja na namba moja. Mwenye nyumba hakuonekana, hata siku alipoambiwa ahame.

Neno kiwanja lenyewe lina alama ya mabadiliko hayo. Ni uwanja mdogo, mahali peupe pa kujengea. Katika lugha ya mauzo limekuwa kipande chenye namba, kiwe kitupu au kina watu. Mkusanyaji wa majina ya mahali na azitafute hati za pande nne zilizosalia katika masanduku ya jamaa, maana ramani ya mauzo haitaji kisima wala mbuyu.