Neno Lililomeza Bei za Nyanya

Nilikuwa hapa Morogoro mjini natayarisha habari ya bei za mboga zinazoshuka kutoka Mgeta, kule milima ya Uluguru. Bei za sokoni nikataka zipangwe na kompyuta kwa lugha ya Python. Nikaandika bei = bei.append(1200). Ya kwanza ikapita, ya pili programu ikagoma. Orodha nzima imegeuka None, yaani hakuna kitu! Bahati daftari nilikuwa nalo.

Nikajiuliza, nani aliamua iwe hivi?

Fortran ya IBM, mwaka 1957, ilikutaka utaje ukubwa wa safu mapema. Ni daladala ya viti 25: wa 26 anabaki kituoni. Mwaka 1958 John McCarthy akaanza Lisp, yenye orodha inayokua. Kipya unakitanguliza mbele, waliopo hawasumbuliwi. Safu za siku hizi zikijaa, kompyuta hutafuta nafasi kubwa zaidi na kuhamishia vyote huko, mithili ya abiria wa Msamvu wanaopewa basi kubwa. Basi hilo huwa na viti vya akiba, wasije wakahamishwa tena kila akija mmoja. Kuchomeka mtu katikati ndiyo kazi: wote walio nyuma yake lazima wasogee.

Halafu kuna swali lililonikamata mimi: ukishaongeza, urudishiwe nini? Append ya Guido van Rossum hubadilisha orodha ileile na hairudishi kitu, makusudi, usije ukadhani umepewa nakala mpya. Push ya Ruby (1995) hurudisha safu yenyewe. Ya JavaScript hurudisha idadi ya vilivyomo. Kosa langu Ruby lingepita salama. JavaScript ningebaki na namba badala ya bei.

Maamuzi hayo yalifanyika mbali nasi. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku hata kuingiza kompyuta nchini. Ila 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Lugha inatosha: ongeza, tanguliza, chomeka, kila neno na kazi yake. Anayebuni asiishie kwenye jina tu. Aseme pia mtumiaji atabaki na nini mkononi.

Mimi nimerudi kwenye daftari. Tuonane.