Majina ya Migomba ya Ngara na Biharamulo na Ushahidi wa Vinasaba

Mtu atokaye Biharamulo kwenda Ngara, hata kufika mto Ruvuvu, husikia Kizinza, Kishubi na Kihangaza, na ng'ambo ya mpaka husikia Kirundi na Kinyarwanda. Katika lugha hizo mgomba una majina mengi, na majina hayo yamekuwa ushahidi wa historia. David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alilinganisha msamiati wa kilimo wa lugha za Maziwa Makuu ili kufuatilia maisha ya wenyeji wa kale. Ulinganifu wenyewe si mgumu kuuona: mgomba uitwao Musakala kwa Kiganda ni Nshakala kwa Kihaya. Mwaka huohuo Deborah Karamura aliigawa migomba ya nyanda za juu za Uganda katika makundi matano kwa kuangalia maumbile yake.

Je, wingi wa majina ni wingi wa nasaba? Yafaa ikumbukwe kwamba mgomba huu hauzai kwa mbegu. Huendelezwa kwa machipukizi, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Ili kupima tofauti, wataalamu hutumia alama za vinasaba, yaani vipande vifupi vya asidi ya urithi vinavyojirudia, ambavyo idadi ya marudio yake hutofautiana kati ya mmea na mmea. Uchunguzi wa Mercy Kitavi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki ina asili ya mche mmoja tu ulioletwa kutoka nje.

Lakini mtu asidhani kuwa majina ni upuuzi. Mkulima aliyetenga mgomba wa kupikia na mgomba wa pombe aliyaona mabadiliko madogo ambayo alama hizo hazikuyapima, akayahifadhi kwa mkono na kwa ulimi. Nasaba moja, hata hivyo, ni udhaifu mmoja. Mnyauko uletwao na bakteria ulipogunduliwa Kagera mwaka 2006, haikupatikana aina ya nyanda za juu iliyoweza kuustahimili kabisa. Mashina yaliyougua yaling'olewa. Shamba likiisha, jina hubaki bila kitu chake, na baada ya kizazi kimoja jina nalo hupotea.

Kwa hiyo akusanyaye maneno Ngara na Biharamulo na achukue pamoja na kila jina jani la mgomba wenyewe, ili mwanalugha na mwanabiolojia wasome waraka mmoja.