Usalama katika matumizi ya grenda

Grenda ni mashine ya umeme ya kushika mkononi inayozungusha diski kwa kasi ili kukata au kusaga chuma. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1954, na leo hakuna fundi wa mageti na magrili, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, anayefanya kazi bila kuwa nayo.

Hatari yake kubwa ni kasi. Diski ya milimita 115 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake huenda mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Diski nyingi za kukatia huandikwa kikomo cha mita 80 kwa sekunde. Hapo ndipo ubaya wa desturi moja ya karakana unapoonekana: fundi hung'oa kinga ili afunge kwenye grenda ndogo diski ya milimita 230 iliyokwisha kulika, akiona hasara kuitupa. Hata ikiwa imebaki milimita 180, ukingo wake utapita mita 100 kwa sekunde. Ikipasuka, vipande huruka hadi usoni, na kinga ambayo ingevizuia imeachwa sakafuni.

Grenda pia hurusha teke. Bomba lililoegemezwa ncha zote mbili hujikunja katikati linapokatwa, likaibana diski, na mashine ikamrukia aliyeishika. Upande unaobaki hewani ndio ukatwe, grenda ishikwe kwa mikono miwili, na fundi asisimame usawa wa diski. Diski nyembamba ya kukatia isitumiwe kusagia kwa ubavu. Kabla ya kuibadilisha, plagi ichomolewe; kuzima swichi hakutoshi.

Miwani ya jua haikingi macho dhidi ya chembe za chuma. Chembe iliyonasa jichoni isisuguliwe wala kuchokolewa kwa kijiti; itolewe hospitalini. Pipa lililowahi kuwekwa petroli lisikatwe kwa grenda, hata likiwa tupu, kwani mvuke uliobaki hulipuka kwa cheche moja.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri kuhakikisha mashine ina kinga na kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kibarua wa siku moja naye ni mfanyakazi.