Mahandaki ya Kibata, Ng'ambo ya Mafia

Mgeni afikaye Kua, katika kisiwa cha Juani karibu na Mafia, huonyeshwa magofu ya misikiti na jumba la masultani, akahadithiwa jinsi Wasakalava wa Bukini (Madagaska) walivyouvamia mji huo yapata mwaka 1829, wakaua na kuteka; walakini ni nadra kuambiwa habari ya vita nyingine, ile Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyopita jirani kabla karne haijatimia. Mnamo Januari 1915 Waingereza waliteremka Kisimani, wakawashinda Wajerumani wachache waliojichimbia Ngombeni, na Mafia ikawa kituo cha ndege zilizoitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai. Mizinga yake 10, hata hivyo, iliopolewa na Wajerumani, ikatiwa magurudumu, na wapagazi wakaikokota kwa kamba kuipeleka vitani bara.

Mmoja katika mizinga hiyo ulifikishwa Kibata, katika milima ya Umatumbi, ile ile ambako vita ya Maji Maji iliwaka mwaka 1905. Huko, mwezi wa Desemba 1916, Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alilizingira boma walilokuwamo askari wa Kiingereza, na majeshi mawili yakakabiliana katika mahandaki namna ya yale ya Ufaransa wakati huo, kwa mizinga na mabomu ya mkono, ilhali mvua ikinyesha mfululizo na maji yakituama miguuni mwa watu.

Dhiki ya handaki, kwa kweli, haikuwa risasi peke yake. Askari aliyesimama matopeni kutwa kucha alilala na nguo zilizolowa, homa ikampanda; miguu yake iliingiwa na funza, na aliyekosa pini ya kuwatoa mapema aliweza kupoteza vidole. Kuni zilikuwa mbichi na wakati wa kupika mfupi, basi posho ya nafaka ikaliwa haijaiva, nayo ikawapasua matumbo kwa kuhara damu, hasa wapagazi, ambao waliibeba mizigo ya wote na kupewa chakula kilicho duni kuliko cha wote. Wabaluchi wa Bara Hindi na wana wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, waliowapigania Waingereza, walikufa katika vilima ambavyo hawakupata kuvisikia kabla ya mwaka huo. Mwezi wa Januari 1917 Lettow-Vorbeck aliondoka. Na masika yaliyofuata, Rufiji ilipofurika, njaa iliwakumba hata washindi.

Dar es Salaam sanamu ya Askari imesimama tangu 1927, na Kariakoo imebaki na jina la kikosi cha wapagazi. Majina ya wapagazi wenyewe, makumi ya maelfu waliokufa, aghalabu hayakuandikwa popote. Basi nawasihi jamaa wa Mafia, Rufiji na Umatumbi: ikiwa babu wa babu yenu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo, liandikeni jina lake, na kijiji alikochukuliwa.